Nguzo Zangu Hazikwenda Matanga

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Nyinyi wa viti vya nyuma sijawasikia. Apewe sifa! Haya, sasa tuko pamoja.

Kwa jina naitwa Rosebella, wengi wenu mnaniita Mama Brenda. Nimeokoka, nampenda Yesu, na kazi yangu ni mjengo. Mkiniona nimekaa nyuma ya pikipiki na kofia ya njano kichwani, msidhani ni mtu wa stima anakuja kuwakatia. Mimi ni mkandarasi. Nina kampuni yangu ndogo, ina leseni, ina mafundi, ina mashine yake ya kuchanganya zege. Tumejenga madarasa, tumejenga vyoo vya soko, tumejenga nyumba za watu ambao hata leo wananiona kwa barabara wanageuza uso. Mchungaji amenipa dakika chache. Mchungaji, nisamehe, leo nitazipitisha.

Ndugu zangu, hapa madhabahuni tumesikia watu waliotolewa kwa pombe. Tumesikia waliotolewa kwa wizi na kwa uganga. Mimi Mungu alinitoa kwa kifungo cha kuazimisha vitu. Msicheke. Mnacheka kwa sababu baadhi ya vitu hivyo viko kwenu.

Niliolewa Navakholo, na mume wangu ni mwalimu, mtu mpole, mtu wa maneno machache, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini amezaliwa katika ukoo mkubwa, na ukoo mkubwa una matanga mengi. Zamani mtu akifa, majirani walikuwa wanaingia msituni na mapanga, wanakata miti, wanasimamisha kivuli cha waombolezaji, jioni kimekwisha. Siku hizi nani atakata mti? Kwa Mama Brenda kuna nguzo za blugamu zimenyooka, tena zimekatwa urefu mmoja. Mtu hajafika mochari vizuri, pikipiki imeshasimama kwa mlango wangu. Wanataka nguzo za kivuli. Wanataka mbao za kukalia wageni. Wanataka maturubai, mapipa ya maji, wilbaro za kubebea unga wa obusuma, ugali wetu, na jenereta ya nyimbo. Hizo ni nyenzo zangu za kazi, ndugu zangu! Mwalimu haazimwi chaki yake na ubao wake wakati darasa limejaa, lakini mkandarasi anaazimwa mpaka mtaimbo.

Na utakataaje? Kwetu hapa kukataa kitu cha matanga ni jambo ambalo litasemwa mpaka wajukuu wako walisikie. Basi nilikuwa natoa. Natoa na roho inaniuma. Na kurudi, haki, vinarudije? Mbao ndefu inarudi fupi, mtu ameikata aketi vizuri. Jenereta inarudi bila waya. Turubai linarudi limetobolewa na moto wa kupikia. Kuna karai langu moja la zege nililitafuta mwezi mzima, nikalikuta kwa jirani, mbwa anakulia.

Sasa mtu atasema, si una pesa, nunua nyingine. Ngoja niwaeleze jambo ambalo nimelieleza mpaka mate yakanikauka. Pesa mnayoiona mikononi mwa mkandarasi si yake. Ni ya simiti. Ni ya chuma. Ni ya vibarua wanaosubiri Jumamosi. Mwenye jengo anakulipa sehemu, unaiweka ardhini, halafu unangoja akulipe sehemu nyingine, na wakati unangoja mvua inabeba mchanga wako na bei ya chuma inapanda. Lakini shemeji akiona lori la kokoto linamwaga, anasema tumeomoka, tumekuwa matajiri. Anaona lori! Haoni kwamba hata hilo lori ni la deni.

Na si vitu tu. Matanga yalikuwa yananiibia hata watu. Kuna fundi wangu mmoja, jina lake silitaji kwa sababu yuko hapa, amezika shangazi mpaka siku moja nikamwuliza babu yake alikuwa na mabinti wangapi. Ukipanga kumwaga zege Alhamisi, Jumatano wanaomba ruhusa. Nilikuwa nalala nimekunja ngumi.

Basi nikapata ile kazi ya Lurambi. Hosteli ya wanafunzi, ghorofa. Mwenyewe ni mama mmoja muuguzi mstaafu, mtu mzuri lakini makini sana, na alikuwa na wakili. Wakili akasema, kabla hamjaweka jembe ardhini tunataka dhamana ya benki. Maana yake ni kwamba nikiharibu kazi, benki inamlipa yule mama, halafu benki inanigeukia mimi. Ni haki yake, silalamiki. Lakini benki nayo haitoi dhamana kwa uso mzuri. Inataka hati ya shamba, na mimi na mwalimu hatukuwa na hati. Ploti yetu makaratasi yake bado yanazunguka.

Hapo ndipo mama mkwe wangu akaingia. Huyu mama watoto wanamwita Kukhu, yaani nyanya, na sisi wote tumezoea kumwita hivyo. Baba mkwe alipofariki, shamba la Navakholo liliandikwa jina lake. Alituita jikoni, akatoa hati kutoka kwa sanduku lake, imefungwa na karatasi za nailoni moja juu ya nyingine, akanipa. Mimi nililia. Akaniambia nisilie, nijenge. Ila akanipa sharti moja: wanawe wengine wasijue. Kwa sababu Makokha, huyo ndiye shemeji yangu mkubwa, akisikia hati imeenda benki kwa ajili yangu, kesho yake angetaka iende kwa ajili ya lori lake, na yule anayemfuata angeitaka kwa ajili ya posho mill, mashine ya kusaga unga. Kila mmoja angekuja na benki yake. Nikamwahidi Kukhu kwamba mdomo wangu hautasema.

Kwa hiyo mjue mapema, ndugu zangu, mzigo niliokuwa nimebeba. Jengo lile likianguka, shamba la Navakholo linaenda. Kukhu, ambaye alikuja pale akiwa msichana, anatolewa kwa nyumba yake uzeeni, na kaburi la mumewe linabaki kwa mtu mwingine. Na sina ruhusa ya kumwambia mtu.

Tukajenga. Kuta zikapanda, tukafika mahali pa slabu, ile sakafu ya zege inayokaa juu ya vyumba vya chini. Nitaeleza kidogo kwa wale hawajui. Zege la slabu linamwagwa likiwa uji. Chini yake tunapanga mbao, na chini ya mbao tunasimamisha nguzo, nyingi, zimesongamana mpaka mtu anapita kwa ubavu. Nguzo ndizo zinabeba kila kitu mpaka zege likomae, na hiyo si kazi ya siku mbili. Juu litakauka upesi, litakuwa gumu, utatembea. Ndani bado. Nani anaelewa hilo? Mafundi wanaelewa. Injinia anaelewa. Mtu wa nyumbani akiona mbuzi amepita juu, anasema limeshakomaa.

Siku ya kumwaga slabu mnajua vile inakuwanga. Ni karamu. Mwenye jengo anachinja, vibarua wanakula, na watu ambao hawajainua hata kokoto moja wanakuja kula. Shemeji Makokha alikuja. Alikula ingokho, kuku wetu wa sherehe, akasifu kazi, akapita pale chini akazitazama nguzo zangu moja moja. Mimi nikafikiri anashangaa kazi nzuri.

Haikupita muda, Mzee Wanjala akafariki, ndugu mdogo wa baba mkwe. Huyu sitamfanyia mzaha. Alikuwa mzee mzuri sana, mtu aliyenipa kuku wa kwanza nilipoolewa, na nililia kwa machozi ya kweli. Nikatoa. Nilitoa mchele, nikatoa maturubai, nikatoa simiti ya kujengea kaburi, na nikasema mafundi wangu watalijenga bure. Angezikwa hapo hapo kwa shamba la Kukhu, karibu na kaka yake.

Kwa mkutano wa matanga Makokha, ambaye ndiye mwenyekiti kila tukifiwa, akasema zimebaki nguzo, na nguzo tunajua ziko wapi. Nikasimama, nikaeleza kwa heshima. Nikasema, shemeji, nguzo ziko kazini, zimeshika zege ambalo halijakomaa, kitu kingine chochote chukueni. Akafungua daftari lake, akasoma jambo linalofuata. Nikashukuru Mungu kwamba leo nimeeleweka. Kumbe yeye alikuwa anapanga!

Asubuhi moja kabla ya maziko niko mjini, kwa ofisi ya wakili, nafuatilia malipo. Simu inalia. Ni Andayi, foromani wangu, mtu ambaye hapigi simu ovyo. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, watu wa nyumbani wako hapa na lori. Wanasema umewaruhusu wachukue nguzo. Wameanza upande wa kibaraza."

Ndugu zangu, sikumbuki nilivyotoka kwa ile ofisi. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia yule kijana aende, akaniuliza wapi, nikamwambia wewe enda tu nitakuonyesha. Njia nzima naomba. Na msidhani yalikuwa maombi matamu kama ya Mama Mchungaji. Nilikuwa namwambia Mungu, nimechoka na watu wako. Nimechoka! Ninajenga, wanabomoa. Ninaeleza, hawasikii. Kama umenipa kazi hii ili nimtoe Kukhu kwa nyumba yake, si ungeniacha nikauze mboga Shianda na amani yangu.

Nikafika. Lori limesimama limetazama barabara. Vijana wa ukoo, hao ni watoto wa mashemeji zangu, wananiita mama, wana mtaimbo, wanagonga chini ya nguzo, inalegea, wanaibeba. Safu ya kibaraza yote ilikuwa imeshatolewa, iko juu ya lori. Na Makokha amesimama hapo na koti la suti na gambuti, anaelekeza kama injinia. Andayi maskini amesimama kando. Angefanya nini? Ni kaka mkubwa wa bwana wa mwajiri wake.

Nikasema wasimame. Makokha akanigeukia na sauti laini, na hiyo sauti laini ndiyo iliniudhi zaidi. "Shemeji, tunachukua za pembeni tu. Za katikati tumekuachia."

Za pembeni tu! Watu wa Mungu, nisaidieni! Wewe unaweza kukata mguu mmoja wa kiti ukamwambia mtu akae, umemwachia mitatu? Nikaeleza tena. Nikaeleza uzito wa zege. Nikaeleza kwamba upande mmoja ukiinama, unavuta mwingine. Akasema zege limekauka, yeye mwenyewe amepanda juu amelikanyaga. Akasema hata alipojenga jiko lake alitoa mbao mapema na halikuanguka. Nikamwambia, shemeji, jiko lako lina mabati. Vijana wakacheka, na hapo nilikosea, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya vijana wake anakuwa mgumu.

Akafunga kifungo cha koti lake. Halafu akasema, pole pole, "Mzee wetu amelala mochari, wewe unahesabu miti."

Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yananimaliza miaka yote. Kila mara nikitaka kukataa, mtu ananiambia hayo, na mimi navunjika. Vijana wakainamisha vichwa. Nilihisi mdomo wangu unafunguka kusema haya, chukueni. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemaliza maneno yote, neno la hati, na neno hilo nilikuwa nimeahidi kutolisema. Nikimwambia, nimemsaliti Kukhu. Nikinyamaza, nimemfukuza Kukhu. Mwaona mtego ule?

Ndugu zangu, sijui nguvu ile ilitoka wapi, au tuseme sasa najua. Nilichukua ndoo ya mafundi iliyokuwa hapo, nikainama, nikaingia chini ya slabu, katikati kabisa ya nguzo. Nikageuza ndoo, nikakaa. Na sketi yangu ya kwenda kwa wakili! Nikasema, "Toeni sasa. Lakini toeni nikiwa hapa."

Andayi akajishika kichwa. Makokha akasema nimeshikwa na wazimu, akawaambia vijana waendelee, nitatoka mwenyewe. Hakuna aliyesogea. Mmoja wao akaweka mtaimbo chini, akasema yeye hawezi kugusa mti huku mama yake amekaa chini yake. Makokha akamfokea. Kijana akaangalia viatu vyake, lakini mtaimbo hakuuokota.

Tukakaa hivyo. Wao nje, mimi ndani. Nikaomba. Maombi yangu yalikuwa mafupi, nikasema, Bwana, sina maneno, na yale ninayo nimekatazwa kuyasema. Sema wewe.

Sasa lazima niseme habari ya mvua. Nyinyi ni watu wa Kakamega, mnaijua mvua yetu ya mchana. Mimi na Mungu tumegombana juu ya mvua hiyo tangu nianze kazi hii. Imebeba mchanga wangu, imegandisha simiti yangu, imefukuza vibarua wangu saa nane na bado wanataka malipo ya siku nzima. Sijawahi kuiombea ije. Siku hiyo ilikuja mapema. Ilikuja bila kupiga hodi, mvua ya matone makubwa, na upepo. Na dereva wa lori, ambaye si mtu wa ukoo, ni mtu wa kukodiwa, akatoa kichwa dirishani akasema barabara ya Navakholo ikilowa yeye haendi, na mwenye kutaka kuondoka aondoke sasa hivi.

Vijana wakaanza kulowa. Sasa mtu akinyeshewa kwa mjengo anakimbilia wapi? Pale Lurambi hakukuwa na kibanda, hakukuwa na mti. Kulikuwa na kivuli kimoja tu. Ndugu zangu, wale vijana walikimbilia chini ya slabu! Wote! Wakapita katikati ya nguzo kwa ubavu, wakaja wakanizunguka pale kwa ndoo yangu, wanatetemeka, wananiambia mama, sogea kidogo.

Mimi nikasogea. Nifanye nini?

Basi mvua ikawa inapiga juu, maji yanajaa juu ya zege, na huku upande wa kibaraza, pale nguzo zimetolewa, mbao ikalia. Si mlio mkubwa. Ni ule mlio wa mbao inayoanza kuchoka. Vijana wakatazama juu. Wakatazamana. Andayi, ambaye alikuwa ameingia nasi, akasema, "Hiyo ni ya pembeni tu."

Hapo ndipo nilipoona mkono wa Bwana kwa macho haya. Hakuna aliyewaagiza. Walitoka mbio kwenye mvua, wakapanda lori, wakashusha zile nguzo moja baada ya nyingine, wanazibeba wawili wawili wakiteleza kwenye matope. Andayi anawaonyesha, hii hapa, ile pale, kaza, gonga kabari. Mtu ambaye alikuja kutoa ndiye alikuwa anarudisha, tena anagonga kwa bidii kushinda mafundi wangu wa kulipwa! Makokha peke yake alibaki nje. Alikataa kuingia. Alisimama kwenye mvua na koti lake la suti mpaka likawa kama gunia, halafu akapanda lori mbele, likaondoka tupu.

Mnadhani iliishia hapo? Haikuishia. Kule matanga kivuli kilisimama. Majirani walikata miti kama zamani, jioni ilikuwa tayari, na maturubai yangu yakafunikwa juu. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kunyooshewa kidole. Nikiingia jikoni, akina mama wananyamaza. Nikishika mwiko, mtu anasema wacha tu, tuko wengi. Nilikaa peke yangu kwenye nyasi, mimi ambaye mchele unaopikwa ni wangu na simiti ya kaburi ni yangu. Nilikasirika mpaka nikaacha kusikia njaa.

Siku ya maziko, jeneza liko mbele, shimo limeshachimbwa na kujengewa, watu wamejaa. Makokha akashika kipaza sauti kama mwenyekiti. Akashukuru kila mtu. Akamshukuru hata dereva wa lori. Halafu akasema kuna mwanamke mmoja wa boma hili ambaye Mungu amembariki, lakini alimnyima marehemu miti ya kivuli, na akakaa chini ya jengo lake akawaambia watoto wamuue. Umati mzima ukanigeukia. Mwalimu, mume wangu, mtu wa maneno machache, akaanza kusimama. Nikamvuta koti. Nikamwambia akae, maana tungeanza tusingemaliza.

Ndipo nikaona Kukhu anainuka. Anajishika kwa goti, anainuka. Huyu mama sijawahi kumwona ameshika kipaza sauti maisha yake yote. Akanyoosha mkono, Makokha akampa, akidhani anataka kumlilia shemeji yake. Kukhu akasema kwa utaratibu, kama mtu anayetuma mtoto dukani.

"Hati ya shamba hili iko benki. Niliitoa mimi kwa ajili ya ile kazi ya Rose. Ile nyumba ikianguka, shamba linauzwa. Sasa Makokha, wewe ndiye mkubwa, nieleze. Huyu ndugu yetu ulitaka tumzike kwa shamba la nani?"

Watu wa Mungu, ulisikia hata jenereta ikipumua. Makokha alitazama shimo. Kukhu akaongeza kwamba alinikataza kusema, na sikusema, halafu akarudisha kipaza sauti na akakaa. Mchungaji wa kule akatangaza wimbo haraka haraka, na kila mtu akauanza kwa sauti yake. Mimi nilikuwa nalia, lakini sitawadanganya, ndani ya yale machozi kulikuwa na kufurahi kwingi.

Sasa sikilizeni nimalizie. Injinia wa yule mama muuguzi alikuja, akatambaa chini na tochi, akagonga upande wa kibaraza na kinyundo chake, akaniuliza ni nini kilitokea hapa. Nikamwambia tulitembelewa. Tukangoja mpaka siku ya zege kukomaa ilipofika, tukatoa nguzo vile inavyofaa, pole pole, na mimi na Andayi ndio tulikuwa wa kwanza kusimama chini. Slabu ilisimama! Haikuinama, haikupasuka. Leo wanafunzi wamelala pale na masufuria yao na nyimbo zao za fujo. Dhamana ilirudi, hati ilirudi, na Kukhu ameirudisha kwa sanduku na zile nailoni zake zote. Na msiniulize kama Makokha aliomba msamaha. Alituma kuku, jogoo mkubwa, kwa mkono wa yule kijana aliyeweka mtaimbo chini. Kwetu hiyo inatosha, na tulimla.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ambaye umebeba mzigo ambao huwezi kuueleza, na watu wanakuchimba chini wakicheka na wewe, nakuomba mtegemee Mungu. Mimi nilidhani nikisema hapana nitakufa. Nilisema hapana, nikatengwa, nikasemwa kwa kipaza sauti mbele ya jeneza, na niko hapa. Yeye ana njia ya kukutetea hata ukiwa umefungwa mdomo. Tena anaweza kutumia kitu unachokilaani kila siku. Siku hizi mvua ikinyesha kwa mjengo bado nanung'unika, lakini nanung'unika kwa adabu.

Namaliza, Mchungaji, naona unaangalia saa. Ila leo asubuhi nikiingia hapa, mzee mmoja wa kanisa amenivuta kando pale langoni. Akaniambia, Mama Brenda, tuna krusedi Shianda, tunahitaji jukwaa, na sisi tunajua una nguzo na mbao zimelala tu. Na mimi sikumjibu pale langoni, kwa sababu nilitaka nimjibu mbele ya kanisa, ili mjue kama kweli nimefunguliwa au nilikuwa nawapigia hadithi.

Mzee, hazijalala. Zimesimama chini ya slabu nyingine, na juu yake kuna zege bichi. Nitakuja Shianda, nitaleta sukari na mkate, nitaimba mpaka sauti ikauke. Yule Bwana mnayekwenda kumhubiri anaweza kuwasimamisha juu ya ardhi tupu na watu wakaokoka. Nguzo haziji.

Semeni amina. Na wewe mzee, nataka kuisikia ya kwako.